Friji Lenye Ndala Zake

Ofisini kwetu friji lina ndala zake. Ni jozi ya ndala za mpira, bluu kwa nyeupe, zimelika visigino, na zimewekwa juu ya kipande cha boksi mbele ya mlango wa friji. Mgeni akiomba maji ya baridi huelekezwa jikoni, huambiwa avue viatu vyake, avae ndala, ndipo afungue. Akiuliza kulikoni, hujibiwa kwa sauti ile ile inayotumika kumwelekeza mtu chooni: "Linapiga kidogo."

Linapiga kidogo! Mlinzi angekuwa anaiba kidogo tungekuwa tumeshamfukuza. Lakini friji limekaa, limezoeleka, limewekewa utaratibu. Mfanyakazi mpya anaonyeshwa meza yake, anaonyeshwa daftari la mahudhurio, kisha anaonyeshwa ndala. Mzee wa stoo, ambaye mguu wake hauingii kwenye ndala za jumuiya, ana mbinu yake: anaugonga mlango kwa nyuma ya kiganja. Umeme ukimtekenya anarudi zake na kiu yake, usipomtekenya anafungua. Na mbinu hiyo ina akili kuliko inavyoonekana. Umeme ukipita mkononi hukaza misuli, na aliyeshika kwa vidole hujikuta anaking'ang'ania kitu anachotaka kukiacha. Nyuma ya kiganja haishiki kitu. Ila mzee huyu aliajiriwa kuhesabu rimu za karatasi, hakuajiriwa kuwa testa.

Kinachotokea ndani ya friji lile hakihitaji shahada kukielewa. Waya wa moto umechubuka mahali fulani, ganda la plastiki limeliwa na panya au na miaka, shaba imegusa bodi ya chuma. Kama tungekuwa na waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaotoka kwenye soketi mpaka kwenye nondo ya shaba iliyozikwa nje, umeme ungekimbilia ardhini, na ukiwa mwingi kifaa cha kuulinda waya kingekata, friji lingezima na sote tungejua kuna kasoro. Sisi ethi hatuna. Mwenye nyumba anasema nondo ilikuwapo, vijana wa vyuma chakavu wakaing'oa usiku. Kwa hiyo umeme umekaa pale kwenye bodi unamsubiri mtu wa kuusindikiza ardhini, na mtu huyo ni yeyote mwenye kiu. Ndala zinaziba njia ya miguuni tu. Ukifungua friji kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeegemea sinki, na sinki letu ni la chuma, umeme utapita mkono mmoja na kutokea mwingine, na katikati ya mikono miwili, kama unakumbuka somo la sayansi la darasa la sita, kuna moyo.

Nilimweleza bosi jambo hili. Akanisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaagiza zinunuliwe ndala mpya.

Jengo letu lilikuwa nyumba ya mtu. Kama ofisi nyingi za Dar es Salaam, ni nyumba ya familia iliyopakwa rangi na kubandikwa kibao. Aliyeijenga aliweka soketi moja kila chumba, akiwaza redio na pasi. Siku hizi chumba kimoja kinabeba watu wa idara nzima, kila mtu na kompyuta yake, simu zake mbili na feni yake ya mezani, na juu ya hayo kuna mashine ya fotokopi, printa, maikrowevu na jagi la kuchemshia maji. Soketi ni ile ile ya redio.

Jibu letu ni ekstensheni. Ya kwanza imechomekwa ukutani, ya pili imechomekwa kwenye ya kwanza, ya tatu inatoka kwenye ya pili, inapita chini ya zulia, inavuka mlango na kuingia kwa mhasibu, ambaye soketi yake ilikufa enzi za mwenye nyumba. Mhasibu ni mtu wa hesabu, nikamwomba tupige hii pamoja. Plagi yetu ya pini tatu imetengenezwa kupitisha ampea 13, umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata kama wati 3,000, na huo ndio mwisho wa uwezo wa plagi ile iliyoko ukutani, hata ukiiwekea ekstensheni ishirini. Jagi peke yake linakula wati 2,000 na ushei. Maikrowevu inadai zaidi ya 1,000. Fotokopi ikianza kujipasha, nayo ina zake. Saa nne asubuhi, watu wanapotaka chai na maandazi ya moto na nakala za mkataba kwa wakati mmoja, ule waya mwembamba chini ya zulia unabeba mzigo usiokuwa wake, na joto lake halina pa kutokea kwa sababu tumelifunika zulia. Mhasibu akaangalia jumla ile, akaandika "imezidi" kwa kalamu nyekundu, akawasha feni.

Na kalamu nazo! Plagi hii ya pini tatu tuliachiwa na Waingereza, walioiandikia kiwango chake mwaka 1947. Pini ya juu, ya ethi, waliifanya ndefu makusudi: inatangulia kuingia, inasukuma vifuniko vya ndani, ndipo matundu mawili ya chini yenye umeme yanafunguka. Lengo lilikuwa mtoto asiweze kuchomeka msumari. Watu walikaa, wakafikiri, wakachora, wakabishana. Sisi tumewashinda kwa kalamu ya bluu. Una chaja ya pini mbili? Unachomeka kalamu tundu la juu, vifuniko vinatii, unazisukuma pini zako mbili huku zinatoa cheche, simu inaita "ting", maisha yanaendelea. Hakuna ethi, hakuna fyuzi, na pini zimelegea kiasi kwamba ukikohoa karibu yake chaji inakatika. Afisa ununuzi wetu kila mwezi analalamika kuwa kalamu zinaibwa. Haziibwi. Zimo ukutani. Na siku kalamu isipoonekana, dada wa mapokezi hutumia ncha ya mkasi. Adapta haizidi bei ya sahani ya chipsi, lakini chipsi zina kifungu chao katika bajeti ya vikao na adapta haina.

Sasa niwape habari ya samaki.

Kuna kipindi ofisi ilinuka samaki. Si samaki wa kukaanga mwenye ndimu, la. Ni ile harufu nzito ya mnadani saa saba mchana. Macho yote yakamgeukia mhasibu, kwa sababu ni mwenyeji wa Ukerewe na ana kawaida ya kubeba sato kwenye kontena. Utani ukaanza, utani ukageuka manung'uniko, manung'uniko yakageuka kikao. Ukatoka waraka wenye mhuri: ni marufuku kuleta, kupasha moto au kuhifadhi samaki wa aina yoyote katika maeneo ya ofisi. Mhasibu akatii. Akala maharage mpaka akakonda, na harufu ikaendelea. Akaanza kushukiwa kuwa anaficha dagaa kwenye droo. Droo zikapekuliwa mbele ya mashahidi, zikakutwa risiti tu na pipi za kifua.

Aliyemaliza kesi ni mama wa usafi. Alisogeza kabati afagie nyuma yake, akakuta soketi imegeuka rangi ya kahawia, plastiki imekunjamana, na harufu ikamjia usoni. Ndiyo kusema, baadhi ya plastiki za soketi na nyaya zikiungua polepole hutoa harufu inayofanana kabisa na samaki, na wengine huisikia kama mkojo. Mtu akinusa samaki mahali ambapo hakuna samaki, azime swichi kuu, aite fundi. Sisi tulinusa moto unaojiandaa, tukaupekua kwenye droo za mhasibu. Mpaka ninavyoandika, waraka wa samaki haujafutwa, na hakuna waraka wa soketi.

Fundi aliitwa. Fundi wetu ni mpwa wa bosi, kijana mchangamfu mwenye testa sikioni. Aliifungua plagi, akaitoa fyuzi iliyokatika, akaitazama kwa dharau. "Tatizo ni hizi fyuzi za siku hizi, mzee. Dhaifu." Akachukua karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaiviringisha, akaipachika mahali pa fyuzi. "Hii sasa haikati tena." Bosi akafurahi, akampa ya soda. Nami niliyesimama pale nikajiuliza kama ni mimi pekee ninayejua kwamba kukata ndiyo kazi ya fyuzi. Imewekwa ife yenyewe kabla waya haujawaka. Tuliyemwita atuponye amemwondoa aliyekuwa tayari kufa badala yetu.

Nikamwuliza kijana, kwa upole, kama ana leseni ya EWURA, kwa kuwa hao ndio wanaotoa leseni za mafundi wa kufunga umeme, kwa madaraja. Akasema, "Mzee wangu, mimi leseni ninayo, ila ya bodaboda."

Tatizo jingine ni kwamba watu wanaogopa umeme wa nguzoni na kuudharau wa ukutani. Wakipita chini ya zile nyaya kubwa huinamisha vichwa, wakifika ofisini wanafuta soketi kwa kitambaa chenye maji. Chukua ile balbu ya zamani ya wati 60, ya mwanga wa njano. Inapitisha karibu miliampea 260. Mtu akipitiwa na miliampea 10 au zaidi kidogo tayari vidole vinaweza kugoma kuachia. Zikifika 30 na kuendelea, pumzi na moyo vimeingia hatarini. Kwa maneno mengine balbu ya chooni inapitisha zaidi ya mara nane ya kiasi ambacho mafundi wamekiwekea mpaka. Ndiyo maana wenzetu wanafunga kwenye bodi ya umeme ile swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi: zikipotea miliampea 30 tu, yaani kuna zinakovuja, pengine kwa mtu, inakata ndani ya kufumba na kufumbua. Fyuzi ya ampea 13 haiwezi kazi hiyo. Yenyewe inaulinda waya, na utakuwa umeshaiva kabla haijashtuka.

Nilimwambia mama wa usafi aache kufuta soketi kwa kitambaa cha maji. Akaniangalia, akaiweka ndoo chini, karibu kabisa na ekstensheni ya tatu. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeambiwa nifute vumbi. Sijaambiwa niache wapi." Sikuwa na jibu. Katika jengo zima, anayegusa maji na umeme zaidi kwa siku moja kuliko sisi sote ni yeye, na hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote isipokuwa kuja kupanga viti.

Zamani tulikuwa na afisa usalama hodari, akiitwa mgao. Umeme ukikatika asubuhi mpaka jioni, nani apigwe shoti na nini? Friji lilikuwa kabati la kawaida, ekstensheni ilikuwa kamba. Sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika, mitambo tisa, megawati 2,115, taifa limepongezana na nami nimepiga makofi. Lakini megawati hizo hazijui kwamba mwisho wa safari yao kuna kalamu ya bluu na karatasi ya sigara. Umeme wa uhakika umekuja kukuta ajali za uhakika.

Hata hivyo jenereta letu bado lipo, na huwashwa kila umeme unapositasita. Halina swichi ya kubadilishia. Mpwa amelichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya stoo kwa waya wenye plagi pande mbili. Swichi kuu isipozimwa kwanza, umeme wetu unatoka nje kupitia mita na kurudi kwenye nguzo, ambako fundi wa shirika la umeme amepanda akijua laini imekufa. Tutakuwa tumemuua mtu ili fotokopi imalizie kurasa. Hili nimelisema kwa kupiga kelele, si kwa upole, na ndilo pekee lililofanyiwa kazi: waya umefichwa.

Msidhani tumesahau usalama. Kila tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, sisi huwa wa kwanza. Fulana hushonwa, za rangi mbili, zenye kola, mgongoni zimeandikwa kaulimbiu. Turubai hutundikwa, maji ya chupa hununuliwa (siku hiyo friji halihitajiki), keki hukatwa. Mwaka jana mshereheshaji alipomkabidhi mgeni rasmi maiki, ilikuwa imeviringishwa leso. "Mheshimiwa, ishike kwenye leso tu," akamnong'oneza, "inapiga kidogo." Mheshimiwa akahutubia usalama wa wafanyakazi kwa dakika arobaini akiwa ameshika leso kwa vidole viwili, mkono mwingine ameuficha mfukoni, na tukapiga makofi. Sijui kama aliona tulichokuwa tunachekea.

Na ikitokea mtu akanaswa? Kanuni ni nyepesi: usimshike, maana nawe utanasa, kimbilia swichi kuu ukate, ukishindwa, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, mti wa ufagio kwa mfano, nawe umesimama pakavu, akitoka na hapumui, anza kumkandamiza kifua huku mwenzako anapiga simu. Swichi kuu yetu imo stoo. Stoo ina kufuli. Ufunguo anao mzee wa stoo, na mzee wa stoo, kwa kadiri ya kumbukumbu zangu, ana msiba. Akitoka msibani ana harusi. Huyo anayenasa itabidi aangalie ratiba.

Mtungi wa kuzimia moto tunao pia, mwekundu, mzuri. Kazi yake ni kuzuia mlango wa mapokezi usijifunge kwa upepo. Kibandiko cha ukaguzi kimefifia mpaka hakisomeki, na hakuna aliyewahi kuugeuza aone kama ndani ni maji, unga au gesi, jambo ambalo lina uzito kidogo, kwa sababu ukimwagia maji moto wa umeme ambao haujakatwa utakuwa umeongeza mgonjwa wa pili. Ndoo ya mchanga nayo ilikuwapo. Paka wa jirani ameitafutia matumizi.

Kinachonikera si ujinga, maana hakuna mjinga pale. Kila mtu anajua. Mpwa anajua, ndiyo maana alinijibu kwa utani. Bosi anajua, nyumbani kwake fundi mwenye leseni alifunga kila kitu mpaka taa za getini, na friji lake unalifungua peku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, wakaguzi wa OSHA wapo, na akija mmoja kalamu zote zitachomolewa ukutani asubuhi hiyo na afisa ununuzi ataona akiba yake imerudi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo kwa atakayeumia kazini. Kilichokosekana ni saini kwenye fomu ya kuomba fedha. Fomu ya fulana husainiwa asubuhi ile ile inapopelekwa. Fomu ya ethi imerudi mara kadhaa na maswali: kwa nini sasa, mbona miaka yote hatujapata tatizo, nani aliyekufa? Ukisema hajafa mtu, unaambiwa basi hakuna dharura. Na akifa, tutachanga, tutakodi basi, mwakilishi wa menejimenti atasoma risala, na mtu mwenye sauti nzito atasema siku yake ilikuwa imefika. Ilifika vipi? Ilipitia kwenye soketi nyuma ya kabati, na tuliinusa.

Kwa hiyo bosi, najua safu hii unaisoma kwa sababu hunisalimia kwa ufupi kila inapotoka. Aprili ijayo tusishone fulana. Chukua fedha hizo uite fundi mwenye leseni, azike nondo ya shaba na kuijengea juu wasiing'oe, avute waya wa ethi kila chumba, aongeze soketi, aweke ile swichi ya kukata umeme unaovuja, na lile jenereta alifungie swichi yake ya kubadilishia. Ufunguo wa stoo utundikwe msumarini. Mama wa usafi aitwe kwenye kikao, akae kwenye kiti. Na waraka wa samaki ufutwe, mhasibu ameteseka vya kutosha.